Mbuzi Aliyeliwa na Fisi

Jumatano saa mbili asubuhi, wataalamu wa maabara walikuwa wameshachukua damu ya Naeku, mke wa Sakaya, na damu ya mbuzi wote waliokuwa zizini kwake. Naeku alikuwa na mimba ya miezi sita. Alikuwa amelazwa mjini Arusha kwa homa isiyoshuka. Mumewe alikuwa kijiweni Oldonyo Sambu, kando ya barabara ya Namanga, kwenye benchi la Yoeli muuza kahawa. Kushoto kwake alikaa Stanley, mtu wa Machame mwenye duka la vipuri vya pikipiki, anayeitwa Redio kwa sababu hazimwi. Kulia alikaa Gadiel wa mashine ya kusaga, anayeitwa VAR kwa sababu kila habari lazima irudiwe, kama goli kwenye video. Wingu lilikuwa limeufunika mlima. Sakaya aliweka simu gotini na kuiangalia.

VAR: Rudia, kaka. Daktari kasemaje hasa?

Sakaya: Malaria hakuna. Taifodi hakuna. Damu wameipeleka kwenye kipimo cha vinasaba.

Redio: Vinasaba? Pole sana, ndugu yangu.

Sakaya: Pole ya nini?

Redio: Si ndiyo kile cha kumtafuta baba wa mtoto? Mjini ndoa zinavunjika kila siku kwa kipimo hicho.

VAR: Sasa mbuzi wamepimwa ya nini, meku wa Machame? Na wao wanatafutiwa baba?

Yoeli alicheka peke yake, akaacha.

Sakaya: Sikilizeni basi. Daktari anasema kila kijidudu kina vinasaba vyake, kama ng'ombe na chapa. Chapa hiyo wanaitafuta kwenye damu ya Naeku, halafu wanaitafuta kwa mbuzi. Zikifanana, homa imetoka zizini kwangu.

Redio: Ndiyo maana wahenga walisema damu nzito kuliko maji.

VAR: Hiyo ni ya ndugu.

Redio: Kwani mbuzi hajalelewa nyumbani?

VAR: Mimi naona balaa jingine. Wakishajua chapa ya damu ya mbuzi wako, watajua na ndugu zake wako wapi. Kila mbuzi aliyewahi kupotea kuanzia hapa mpaka mnadani Kisongo atajulikana yuko zizi la nani.

Redio: Basi nusu ya kata inalala mahabusu.

VAR: Na wewe uwape uji.

Redio: Hilo dogo. Wakiikuta kwa mbuzi mmoja, wanaua wote. Nimesikia kuna nchi kuku walizikwa kwa katapila, wengine wanawika.

VAR: Wakimaliza mbuzi, wanahamia kwa wenye mbuzi. Kijiji kinazungushiwa kamba. Kanisani unaenda kwa kibali. Ukikohoa kwenye pambio, unatolewa.

Gari la ng'ombe lilipita kuelekea mjini, na wote watatu wakalifuata kwa macho mpaka lilipopotea kwenye kona.

Sakaya: Waliniuliza mbuzi aliyetupa mimba yuko wapi.

VAR: Ukasemaje?

Sakaya: Nikasema kaliwa na fisi.

Redio alikohoa. Yoeli, aliyekuwa akisuza vikombe, alisimamisha mikono ndani ya ndoo.

Habari ya mbuzi yule kila mtu benchini aliijua. Alitupa mimba mwanzoni mwa mwezi, siku ambayo Sakaya alikuwa mnadani. Naeku alimvuta kwa mikono mitupu mtoto wa mbuzi aliyekufa, kama wanawake wa huku wanavyofanya siku zote, kisha akamkamua mama yake na kunywa maziwa bila kuyachemsha, apate nguvu za mimba. Mbuzi hakupona. Sakaya alimchinjia korongoni kabla hajafa, akawaita rafiki zake wawili. Yeye na VAR walikunywa damu ikiwa ya moto shingoni, wakagawana figo mbichi. Redio alibeba damu yake kwenye kidumu, akaenda kupika kisusio, supu ya damu ya kwao.

Yoeli: Kwa nini ulidanganya?

Sakaya: Nilimwona yule kijana wa maabara amevaa glovu mpaka kwenye viwiko. Nikajua wakisikia habari yote watachukua zizi zima. Watoto wangu watakunywa nini?

VAR: Kaka, figo tulikula mbichi.

Redio: Mlikula ninyi. Mimi kisusio changu kilichemka.

VAR: Kilichemka saa ngapi? Ulikuwa unawahi mechi. Kilikuwa chekundu bado.

Redio: Kisusio ni chekundu, VAR. Hujui chakula, kaa kimya.

Kisha akajigusa shingo kwa mgongo wa kiganja.

Redio: Yoeli, leo kuna joto?

Yoeli: Baridi.

VAR: Mimi kiuno kinaniuma tangu juma lililopita. Usiku nalowa jasho. Nimesema ni magunia.

Redio: Ni magunia. Usimwamshe aliyelala. Mtu akienda kupimwa ndiyo anaanza kuumwa.

VAR: Naeku alianza kuumwa kabla ya kupimwa.

Redio alimalizia kahawa yake.

Gari kutoka mjini lilisimama ng'ambo ya barabara, akashuka Silantoi, mdogo wake Naeku. Alikuwa amekesha hospitali. Alishika chupa tupu ya uji.

Silantoi: Shikamooni.

Wote: Marahaba.

Redio: Kaa, binti. Yoeli, mpe kahawa.

Silantoi: Sikai. Shemeji, nimekufuata wewe. Dada anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Mtoto alikuwa anacheza jana, leo anacheza kidogo.

Sakaya: Majibu je?

Silantoi: Bado. Lakini daktari anasema akijua kwa hakika dada alishika nini, anaweza kuanza dawa leo bila kusubiri. Dawa nyingine haziendi na mimba, hataki kubahatisha. Dada anasema alimshika mbuzi, halafu anasema hapana, alikuwa ndama wa kwa mama, wa tulipokuwa wadogo. Homa inamchanganya.

Sakaya: Mbuzi nimeshawaeleza.

Silantoi: Ndiyo. Wale wataalamu wanakuja tena mchana. Wanataka wapelekwe pale fisi alipomlia, waokote hata mfupa wakaupime. Wanaulizia mtu wa kuwaonyesha. Nani alimwona fisi?

Redio aliangalia ndani ya kikombe. VAR alijishika kiuno. Yoeli aliinamisha birika, likatoa machicha, akaliweka chini.

Silantoi aliwatazama mmoja mmoja.

Sakaya: Hakuna fisi.

Silantoi alitoa simu yake, akabonyeza namba ya daktari, akamkabidhi shemeji yake. Sakaya alisimama, akaongea akiwa amewapa wenzake mgongo. Alitaja mikono mitupu. Alitaja maziwa. Alitaja korongo. Kisha akasikiliza, na alipogeuka aliwatazama waliokaa benchini.

Sakaya: Tulikula watatu, daktari. Na mmoja alipika.

VAR alisimama wa kwanza. Redio alisema duka halina mtu, akabaki amekaa, kisha akampa Yoeli funguo.

Wanne hao walipanda gari la mjini saa nne kasorobo. Kabla ya adhuhuri muuguzi aliwatoa damu wanaume watatu, Redio akiwa wa mwisho. Naeku alianzishiwa dawa saa saba mchana, mkunga akiwa amekaa kando yake kusikiliza moyo wa mtoto. Hadi wodi ilipofungwa kwa wageni jioni, hakuna jibu la vinasaba lililokuwa limetoka.