Jovia Mugeni na Anemoni wa Kanombe

Ndugu waombolezaji, mimi ni Ntare, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu Jovia Mugeni, aliyezaliwa Karagwe, Tanzania, tarehe 12 Mei 1979, akasoma huko hadi sekondari, kisha akahitimu elimu ya viumbe vya baharini Dar es Salaam mwaka 2003.

Mwaka 2004 alirudi Rwanda, nchi ya wazazi wetu, akafundisha baiolojia Kabuga na baadaye chuo kikuu hapa Kigali, na tarehe 17 Desemba 2005 alifunga ndoa na shemeji yetu Kamanzi, wakajaliwa Aurore na Clovis.

Wengi walimcheka, kwamba nchi haina bahari naye anasomea bahari, lakini mwaka 2019 aliagiza kwa ndege anemoni, wale wanyama laini wanaofanana na maua, akawafuga kwenye matangi ya maji ya chumvi nyumbani Kanombe, akiyapulizia hewa ukaa ili yawe na asidi kama bahari ya miaka ijayo. Alitegemea wangekufa, ila walinenepa, kwa sababu mwani mdogo unaoishi ndani yao na kuwalisha uliipenda ile hewa, huku konokono aliowafuga kwenye matangi hayohayo wakiliwa magamba na ile asidi.

Wafadhili wa utafiti wake walimwomba anyamaze kuhusu anemoni, watu wasije wakasema bahari iko salama, naye akawajibu mbele yangu, "Nikificha hili, la konokono ataniamini nani?" Wakakata msaada, akaendelea kwa mshahara wake, na alipoongeza joto juu ya asidi, anemoni waliutema ule mwani, wakabaki weupe na kudhoofika, akayaandika yote mawili.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa huku akisahihisha ripoti kitandani, hadi alipofariki Jumatano, tarehe 6 Agosti 2025, Kamanzi akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mwenzake wa kazi Nduwayo, na nyinyi majirani wa Kanombe, mliopokezana kusukuma hewa kwenye matangi kwa pampu ya baiskeli kila umeme ulipokatika.

Anemoni wako hai, na Jumatatu Nduwayo na Aurore wanaanza jaribio la mwisho alilolipanga asiwahi kulifanya. Pumzika kwa amani, dada Jovia, maji tutabadilisha sisi.