Kabati la Mtoto wa Kinyozi

Benchi letu liko mbele ya karakana ya Fundi Randa, seremala, na mimi ndiye ninayemimina kahawa. Asubuhi ile walikuwepo Fundi mwenyewe, Kinyozi, na Wakili, ambaye mahakamani aliwahi kuingia mara moja tu, tena kwa kushtakiwa. Mbele yao lilisimama kabati la droo nne ambalo Kinyozi amelitengeneza kwa mikono yake, kila akifunga saluni, kwa ajili ya chumba cha mtoto. Mtoto walipewa na watu wa ustawi wa jamii, yeye na mkewe, akiwa bado mchanga. Mama mzazi alishafariki, ndugu hawakujulikana. Wakamlea mpaka akaanza kutembea na kusema. Wiki iliyopita mjomba wa mtoto akajitokeza, kweli mjomba wa damu, akamchukua. Kabati lilikuwa limebakiza droo ya chini, inakwama. Hakuna aliyetaka kumtaja mtoto, basi tukaitaja droo.

— Mbao ilikuwa mbichi, alisema Fundi. Nilikwambia uiache ikauke.

— Ningeisubiri ikauke, mtoto angeoa, alijibu Kinyozi. Alikuwa amechuchumaa, anasugua ubavu wa droo kwa msasa.

— Samaki mkunje angali mbichi, Wakili akaingilia.

— Huyo ni samaki. Mbao ukiikunja mbichi, ikikauka inakukunja wewe.

— Basi si mbao, ni ardhi. Hapa tulipokaa pameinama.

— Tulipima kwa kipimamaji.

— Maji gani, Fundi? Haya yanayokuja bombani yanapotaka? Hayo nayo ya kuaminiwa?

Nilicheka kidogo, kwa heshima tu. Kinyozi aliisukuma droo. Ikaingia nusu, ikagoma.

— Mimi nawaambia, Wakili akaendelea, hizo mbao ni za miti miwili. Huu dume, huu jike. Hawaelewani.

— Nyumba ngapi ziko hivyo na droo zao zinafunguka?

— Hao wamezoeana. Miti haikupewa muda wa kuzoeana. Na gundi nayo mliichelewesha. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana...

Kinyozi akasimamisha msasa.

— Malizia, alisema Kinyozi.

— Imenitoka tu, kaka. Nilikuwa nasemea gundi.

— Malizia. Methali haikatwi katikati.

Wakili alijifuta mdomo kwa kiganja.

— Utamkuta mwana si wako.

— Ndiyo hivyo, alisema Kinyozi, akarudi kusugua.

Fundi akamwambia kwa upole:

— Liache, ndugu yangu. Nitalimalizia mimi. Au nitalifunika huko ndani, usilione.

— Shemeji yenu analitaka leo. Jana kafua nguo zote za mtoto. Nguo zenyewe zilikuwa safi. Kazianika, kazikunja, kazipanga kitandani, sisi tumelala chini. Nikamwuliza, mama, hizi za nini tena? Kaniambia, we lete kabati. Ndiyo maana nataka droo ifunguke. Sina jingine la kumfanyia.

Hapo ndipo akatokea mtu mwenye koti lililopauka. Alitusalimia wote, mmoja mmoja. Wakili na Fundi hawakumjua. Kinyozi alisimama, msasa mkononi, nikaelewa kuwa ndiye mjomba.

— Nimekuta saluni imefungwa, akasema. Nikaelekezwa huku.

— Karibu. Mtoto hajambo?

— Hajambo. Yuko na mke wangu. Ila kula, anakula kidogo.

— Maziwa mpeni ya vuguvugu. Ya moto hataki.

— Tunampa hayohayo.

— Na taa msizime kabla hajalala.

— Hatuzimi.

Mjomba aliliangalia lile kabati, kisha akaangalia chini. Wakili alifungua mdomo, Fundi akamshika goti.

— Sikuja kwa ubaya, mjomba akasema. Ni mtoto wa dada yangu, nisingeweza kumwacha kwa watu nikiwa hai. Lakini kila mlango ukifunguliwa, anageuka. Anaita mama. Mke wangu akiitika, ndiyo analia zaidi. Nikaona nije kwenu, ninyi mnaomjua. Nimwambie mama anakuja lini?

Kinyozi alimtazama Wakili. Wakili alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Fundi aliokota maranda ya mbao, akazivunjavunja vidoleni.

Nilimmiminia mjomba kahawa, kwa sababu mikono yangu ilitaka kufanya kitu. Aliishika mpaka ikapoa. Akanirudishia kikombe kikiwa kimejaa, akashukuru, akaaga.

Kinyozi alimsindikiza mpaka kona, wakienda bega kwa bega, kisha akarudi kuisugua droo.