Birika la Nyuma ya Maabara

Benchi letu liko nyuma ya maabara, chini ya dirisha la chumba ninachofagia. Hukaa watatu: Fundi Friji, kinyozi tunayemwita Wembe, na mimi, birika la umeme likiwa katikati yetu. Wiki ile habari ilikuwa moja. Binti mtafiti wa chumba hicho ananing'iniza atomi, chembe zisizoonekana kwa macho, juu ya kibao chenye nyaya nyembamba za dhahabu. Sumaku inazishika hewani, nazo ni baridi kuliko barafu yoyote. Lakini kila siku saa kumi alasiri zinaanguka. Wakubwa wake wanakuja kesho. Zikianguka mbele yao, chumba kinafungwa, na kazi yangu imekwisha.

— Anazipoza kwa kitu gani? akauliza Fundi Friji.

— Kwa mwanga, nikasema. Kanieleza mwenyewe.

— Mwanga? Nimefungua friji miaka ishirini. Taa ndiyo kitu pekee chenye joto mle ndani.

— Friji zako zote zina joto, akamchoma Wembe. Nyanya za mke wangu ziliiva mara mbili. Sikiliza, hizo atomi zinaona haya. Ukitazamwa mchana kutwa, nawe si utaanguka?

— Wapi. Saa kumi ni saa ya kutoka kazini.

— Kumbe zina chama cha wafanyakazi.

— Na mwenyekiti ndiye anayeanguka wa kwanza.

Nikacheka nao, nami nina familia inayonitegemea. Birika likaanza kuunguruma. Mara binti akatokea, macho mekundu.

— Shikamooni, wazee. Zimeanguka tena.

— Marahaba, mama. Kaa upate kahawa.

Akapokea kikombe. Macho yake yakaufuata waya wa birika, ukutani, hadi dirishani kwake.

— Hili birika huwa mnaliwasha saa ngapi?

Fundi Friji akaanza kutafuta bisibisi mfukoni. Wembe akapuliza kikombe kisicho na kitu.

Mungu anisamehe, waya ule niliupitisha mimi, nyuma ya meza yake, bila ruhusa. Wiki nzima nimeziombea atomi zake zisianguke, na kila saa kumi birika nalichomeka kwa mkono huu huu. Nikamwambia yote, nikachomoa. Hakunigombeza; alisema umeme ukipita kwenye waya ule huvuruga sumaku yake, akakimbilia ndani.

Tukangoja, hakuna aliyemtazama mwenzake. Hatimaye dirisha likafunguka.

— Zimekaa, baba.

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Fundi Friji akachungulia birika.

— Sasa kahawa tutaipasha kwa kitu gani?

— Kwa mwanga, akasema Wembe.