Foki Mpya ya Martin

Kwenye kona moja ya Mawenzi, mjini Moshi, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na juu yake hukaa wanaume wanaojua kila kazi isipokuwa zao. Nasrin huwauzia kahawa, na hatua tano kutoka hapo Ally hutengeneza baiskeli, kila akijaliwa kupata nafasi katikati ya ushauri. Asubuhi hiyo Martin, muuza maziwa wa Kirua Vunjo, alikaa mwisho kabisa wa ubao, magoti kayabana, akiitazama baiskeli yake ya milimani iliyopinduliwa miguu juu. Foki yake, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, ilikatika wiki iliyopita. Hii aliyoipata mtumbani ilikuwa nzuri, yenye shokapu, ila haikuwa na pa kufungia breki za raba; ilikuwa na masikio mawili tu, ya breki ya diski. Wiki nzima Martin alikuwa ameshuka na madumu kwa miguu, na jana Mama Sifael wa hotelini alimweleza bila kupaza sauti: maziwa ya Jumatano yasipofika saa moja asubuhi, atachukua ya yule wa Machame mwenye pikipiki.

Kwa hiyo Martin hakuwa na hamu ya kahawa. Wenzake walikuwa nayo.

— Hicho kidude cha kubania kimekaa upande, — alisema Hussein, fundi saa anayeitwa Injinia kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu kumkatalia.

— Ndiyo maana naweka washa, hiki kisahani cha kukinyoosha, — alijibu Ally, bila kuinua kichwa.

— Washa! Dogo, kile kinatakiwa kigeuzwe kitazame mbele. Baiskeli ikishuka, upepo unasaidia kubana.

— Upepo? — aliuliza Nasrin.

— Wa mlimani, dada. Si huu wa kwenu mjini.

Remigius, dereva wa lori mstaafu anayejulikana kama Waziri, alicheka kwa huruma. Alikuwa ameiweka ile diski mpya mapajani, na kikombe chake cha kahawa juu ya diski.

— Injinia, acha utoto. Mimi nimeshuka na tani thelathini. Breki inataka grisi. Mpake grisi huku na huku, ilainike.

— Ikilainika si itateleza, mzee? — Martin alijikuta ameuliza, kisha akajuta.

— Mangi, wewe umeendesha lori lini?

— Sijawahi, mzee.

— Basi kunywa kahawa.

Martin aliagiza kahawa asiyoitaka.

— Tena mtazame haya matundu, — aliendelea Remigius, akimwaga kahawa kidogo ili diski ionekane. — Mnadhani ni urembo? Ni ya kuvuta baridi. Kule Kirua baridi inaingia humu, chuma kinasinyaa, baiskeli inasimama yenyewe. Hata mkono huhitaji.

— Na akifika Himo kwenye joto? — aliuliza Nasrin.

— Kinatanuka. Inaondoka.

— Kwa hiyo haina haja hata ya mwendeshaji, — alisema yeye. — Ifungieni madumu, ijishukie.

Ally alikaza boliti ya mwisho, akavuta waya, akabinya mkono wa breki. Pedi zilikutana vizuri. Aliomba diski.

Hapo Hussein aliinuka kwa heshima zote za cheo chake. Aliipokea diski, akaifuta kahawa kwa shati, akaiingiza katikati ya pedi na kuizungusha kwa vidole, kwa madaha kama mtu anayeonyesha saa ya dhahabu.

— Binya!

Ally alibinya. Diski ikasimama palepale.

— Mmeona? Imeshika! Mangi, umeona?

Martin aliona. Kwa mara ya kwanza wiki ile mabega yake yalishuka. Aliiona barabara ya Kirua ikiteremka mbele yake alfajiri, na Mama Sifael akipokea dumu kabla chai haijachemka. Walirudia mara tatu, na mara zote tatu ilishika. Remigius alidai ni kwa sababu ya mafuta ya kahawa.

Ndipo alipotokea Lukresia, mama mtu mzima wa Kirua, akatua mkungu wake wa ndizi ili apumzike.

— Shikamoo mama, — walisema wote.

— Marahaba. Mnafanya nini?

— Breki ya diski hiyo, mama, — alisema Hussein, bado kaishika. — Angalia. Binya, Ally!

Diski ikasimama. Lukresia alitazama diski, akatazama vidole vya Hussein.

— Nzuri. Na huko barabarani, nani atakuwa anaishika?

Ally alilivuta gurudumu la mbele lililoegemea ukutani, akaligeuza upande huu, akaligeuza na ule. Katikati yake, pale ambapo boliti sita za diski zilipaswa kuingia, chuma kilikuwa laini kama yai. Hakikuwa na tundu hata moja.

— Hili ni la breki za raba, — alisema polepole, kama vile gurudumu ndilo lililomficha. — Inatakiwa habu ya diski, kile kitovu cha gurudumu chenye matundu. Labda gulioni, Jumamosi.

— Leo Jumanne, — alisema Nasrin.

Hussein aliirudisha diski mapajani kwa Remigius. Remigius akaweka kikombe.

— Sasa kesho nashukaje? — aliuliza Martin.

Walifikiri sana. Injinia alikuna kidevu, Waziri alitazama mlima.

— Polepole, — alisema Remigius hatimaye.

— Polepole ndiyo aliyonikatalia Mama Sifael, — alisema Martin, akaanza kuyafunga madumu yake kwa kamba, ayabebe.