Mji Mkuu Ujengwe Wapi

Treni ya Baltimore ilikuwa imebakiza viti viwili, na mbele ya viti hivyo vijana wawili walikuwa wameziba njia, wakibishana juu ya mchezo wao wa kompyuta wa kujenga himaya. Bi Lorraine, miguu ikimuuma, alisubiri nyuma yao.

"Jenga mji mkuu hapo hapo unapoanzia!" Kip alifoka. "Ukizurura, jirani atakuwahi."

"Nikae jangwani nife njaa? Mbele kuna mto, bwana. Zamu tatu tu nimefika," Desmond akajibu.

"Zamu tatu! Wenzio wana ghala na mikuki, wewe bado unatangatanga kama mbuzi aliyekata kamba."

Bi Lorraine akapenya, akaketi, na kiti cha pili akaupa mfuko wake wa vitunguu.

"Mama, hapo tulitaka kukaa sisi," Desmond akalalamika.

"Sogea mbele, mwanangu. Nasikia kuna mto."