Mama Ramani, Aliyeutetea Ukumbi wa Watu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ramani, alizaliwa tarehe 3 Mei 1951, mtoto wa pili wa fundi seremala na mkewe mshonaji. Alijua kupima kabla ya kujua kusoma, kwani baba yake alimshikisha ncha ya futi kamba tangu akiwa mdogo.

Alianza shule mwaka 1958. Mwaka 1976 alipata shahada ya usanifu majengo, mwanamke pekee darasani. “Nilikaa mbele,” alikuwa akisema, “maana nyuma walikuwa wananisengenya.”

Agosti mwaka huohuo aliajiriwa na halmashauri ya jiji, na mwaka 1989 akawa msanifu mkuu. Mwaka 1994 ukapitishwa mpango wa kubomoa ukumbi wa umma, ambamo kwaya zilifanya mazoezi na wanafunzi wasio na taa nyumbani walijisomea, ili yajengwe maegesho ya magari.

“Mama, tia saini tu, mambo yaishe,” mkurugenzi alimwambia.

“Mkono huu umezoea kujenga, bwana.”

Akalivalia njuga. Kwa miezi mitano alibisha hodi mlango kwa mlango, akakusanya saini 4,112. Ukumbi ukanusurika. Yeye akahamishiwa chumba cha nyaraka, akakaa humo bila mtu wa kusemezana naye hadi alipostaafu mwaka 2006.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na mwalimu wa hesabu. Hawakujaliwa mtoto, na mumewe alifariki mwaka 1997. Tangu hapo hakukosa kikao cha mtaa, harusi wala msiba; wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka. Siku moja binti wa kaka yake, anayewasomea wasifu huu, alimwuliza, “Shangazi, viti vyote vimeshakusanywa, mbona huendi nyumbani?”

Akacheka. “Nikaongee na nani, mwanangu? Birika?”

Nasi tukacheka, tukaenda zetu.

Juni 2023 alianza kuugua moyo. Alitukataza kuwatangazia majirani, akisema watu wana shughuli zao. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa kumi alasiri, sisi tukiwa bado njiani. Muuguzi alitueleza kwamba aliuliza mara mbili kama kuna mtu mlangoni.

Ameacha kaka mmoja, watoto wanne wa kaka, wajukuu saba, na nyinyi nyote mliojaa hapa leo.

Shangazi, tumefika. Tusamehe kwa kuchelewa, upumzike kwa amani.