Gitaa Langu Mikononi mwa Thobias

Denis, zima hiyo simu uje huku karibu na kitanda, na wewe Ruthu acha kunipepea, nzi hawa wamekwisha kunizoea. Kaeni mahali ninapoweza kuwaona wote wawili bila kugeuza shingo. Mama yenu mwacheni jikoni asonge ugali wake, ya kwake nilishamwambia jana. Nina maneno ya kuwaachia, na pumzi yenyewe mnaisikia inavyokoroma, kwa hiyo asinikatishe mtu hata nikisema la kumwudhi, maana katika haya nitakayosema wa kwanza kuudhika ni mimi Yotham mwenyewe.

Nianze na vilivyo wazi. Nyumba hii ya Mkonze ni ya mama yenu mpaka siku zake ziishe, na baada yake ni ya Ruthu, aliyeninywesha uji na kunigeuza ubavu pasipo kukunja uso hata siku nilipomtukana. Ng'ombe walioko kwa baba yenu mdogo mgawane bila kelele, na yule jike mwenye baka jeupe asichinjwe msibani kwangu, ana mimba, waambieni watu wale kunde waridhike. Shamba la Haneti ni la Denis, na hapa tegeni sikio, wote wawili: ni la Denis la kulima, siyo la kuuza.

Usiangalie chini, mwanangu. Nimekusikia. Ulisimama pale uani ukiongea na dalali, ukidhani baba yako amelala, ukamwambia unataka gitaa la besi la nyuzi tano na spika mpya, kwamba umechoka kuchekwa na vijana wa kwaya kwa sababu ya mkweche wa mzee. Mkweche, ulisema. Sikukasirika kama unavyodhani, maana maneno yale nayajua ladha yake, nimeyatafuna mwenyewe miaka mingi, ila mimi nilikuwa nikiyatafuna mdomo umefungwa.

Mkweche huo niliupata kwa ng'ombe. Bendi moja ya dansi pale mjini ilikuwa imevunjika, kila mwanamuziki anatafuta njia ya kurudi kwao, na mpiga besi wao akakubali kuniachia gitaa na spika nikimpa dume la kulimia. Nilimswaga dume yule kwa miguu kutoka Haneti, vumbi puani, nikarudi nimebeba gitaa begani na spika kichwani, na babu yenu, aliyemlea dume yule tangu ndama, hakunitaja kwa jina msimu mzima. Alikuwa akisema, mwiteni yule aliyebadilisha ng'ombe kwa ubao. Alikufa hajalipenda, ingawa siku moja nilimwona mlangoni anatikisa kichwa nikipiga, na aliponiona nimemwona akajifanya anafukuza kuku.

Kitufe cha sauti kilipopotea nikaweka kifuniko cha dawa ya meno, na kinafanya kazi mpaka leo. Karatasi ya spika ilipochanika nikaiziba kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Waya wake una ugonjwa karibu na jeki, pale unapochomekwa kwenye spika: ukiukanyaga kidogo kwa kisigino unatulia, ukiuachia unakwaruza mpaka mchungaji anakutazama. Nalo gitaa lenyewe linakaa chini ya kitenge, na hakuna mtu aliyewahi kulifuta vumbi isipokuwa mimi. Wewe mwenyewe Denis nilikupa ruhusa ya kulishika siku miguu yangu ilipokataa kufika kanisani, siyo kabla. Ruthu ananicheka. Cheka tu, mama, ni kweli nalionea wivu gitaa lile kuliko nilivyokuonea wivu wewe ulipoanza kuchumbiwa.

Kanisani wamenifanya mfano. Mtazameni Mzee Yotham, wanasema, ameridhika na chombo kilekile tangu ujana, nami huitikia amina huku nimeinamisha kichwa. Lakini wanangu, mtu anaweza kuridhika mdomoni na tumboni mnawaka moto, na moto wenyewe una jina. Jina lake ni Thobias.

Mnamjua, Thobias wa kwaya ya ng'ambo ya barabara, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tulianza kupiga pamoja tukiwa vijana, tukiazimana hili gitaa langu moja. Serikali ilipohamia huku na kila mtu akawa anajenga, bati na nondo zikamnyookea, akawa anabadilisha magitaa kama mtu anavyobadilisha shati. Akaja na jekundu. Nikasema rangi haina sauti. Akaja na jeusi la nyuzi tano. Nikasema nne zinanitosha, ingawa kwa siku kadhaa kidole changu kilikuwa kikitafuta uzi wa tano kwenye shingo ya langu, kinakuta hewa. Halafu akaja na lile lisilo na waya.

Lile ndilo lililonimaliza. Lilikuwa tamasha la kwaya, Chamwino, watu wamejaa hadi kwenye uzio. Mimi nimesimama nimefungwa kwenye soketi kama mbuzi kwenye kigingi, nimekanyaga waya wangu nisisogee, na yeye anatembea! Anashuka jukwaani, anapita katikati ya akina mama, anakunja goti, anainuka, anarudi, na besi inanguruma vilevile kana kwamba imefichwa mfukoni. Mama yenu akapiga vigelegele. Aliniambia baadaye kwamba alipigia kwaya, siyo Thobias. Nimemsamehe, lakini sijasadiki.

Faraja yangu ilikuwa moja tu, na nimeishi nayo kama mtu anavyoishi na blanketi: ni vyombo. Nilikuwa nikijiambia kila Jumapili jioni, nipeni mimi vile vyombo vyake siku moja, halafu muone. Ndiyo maana niliweza kuridhika, Denis. Niliridhika kwa sababu nilikuwa na kisingizio.

Ngoja. Ruthu, maji. Kidogo tu. Basi, inatosha.

Sasa oneni taabu iliyoniweka macho. Nikifa kwaya yetu itakuja kuniimbia hapa uani, na kwaya yetu haiimbi bila besi, na mpiga besi wake sasa ni Denis, na Denis atakuwa mfiwa. Kwetu mfiwa hashiki kazi. Hachimbi, hapiki, hachoti maji, hashiki chombo. Anakaa chini kwenye mkeka na majirani ndio wanaofanya. Sitaki uvunje hilo kwa ajili yangu, watu watasema nyumba ya Yotham haikuwa na majirani. Na ukimwondoa Denis, anayezijua nyimbo zetu zote hapa Mkonze ni mtu mmoja. Nimelala hapa nikiona mwili wangu ndani ya sanduku, siwezi kuinuka, siwezi hata kukohoa, na Thobias anazunguka sanduku langu na gitaa lisilo na waya, anakunja goti.

Kama mngeniita juzi asubuhi nitoe wosia, ningewaambia mumzuie getini. Ningewaambia waimbe kavu, besi isiwepo, na gitaa langu liegemezwe kwenye picha yangu likiwa kimya. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno, yalikuwa mazuri kweli.

Lakini juzi mchana Thobias alikuja, ninyi hamkuwepo. Akaingia hapa, akanisalimia, mbukwa kaka, akakaa hapo ulipokaa Denis, akaniombea sala ndefu, nami nikafumba macho aone nimelala aondoke. Akatoka. Nikamsikia barazani anamwambia mama yenu, "Dada, lile gitaa la kaka bado lipo? Naomba nilishike kidogo tu, linanikumbusha mbali." Na mama yenu hakuja kuniuliza. Alikwenda akaondoa kitenge, akampa kwa mikono yake miwili. Nilitaka kupiga kelele, wanangu. Mdomo ulifunguka na sauti haikuja.

Akachomeka waya. Ukakwaruza, nami nikafurahi, nikasema moyoni, haya sasa, tembea nalo basi. Kumbe alikuwa bado anakumbuka. Akaukanyaga pale panapostahili, bila kuonyeshwa na mtu, ukatulia, akaanza kupiga wimbo wetu wa kuagia.

Nisemeje? Lilikuwa gitaa langu. Kifuniko changu cha dawa ya meno, kiraka changu cha mpira, nyuzi zangu hizihizi zilizokufa. Na lilisema maneno ambayo kwangu halijawahi kuyasema. Hakukunja goti, hakukuwa na mtu wa kumwona. Alipiga polepole, akiacha nafasi pale ambapo mimi huwa nafukuzia, na kila sauti ilishuka ikakaa kama mtu mzima anavyokaa kwenye kiti chake. Na mama yenu alikuwa amerudi kwenye sufuria, namsikia anasonga ugali, mwiko unagonga, gu, gu, gu, kama mnavyousikia sasa hivi. Mwiko ukanyamaza.

Nimepiga gitaa lile ndani ya nyumba hii tangu hamjazaliwa, naye akisonga, akipepeta, akikoroga mlenda, na mkono wake haujawahi kusimama. Kwa Thobias ulisimama mpaka wimbo ukaisha, na ugali ukashika chini. Uliula jioni ile, Denis, ukauliza una nini. Ulikuwa na hicho.

Nikageukia ukuta nikalia, na sikulia kwa kuguswa na muziki, msije mkasimulia watu hivyo. Nililia kwa wivu. Wivu wa zamani ulikuwa na mahali pa kukaa, ulikaa kwenye gitaa jekundu, kwenye gitaa jeusi, kwenye ule waya usiokuwepo. Sasa hauna pa kukaa. Ni mikono yake. Ningeuza Haneti yote, ningeuza na nyumba hii nikanunua kila alichonacho dukani na nyumbani kwake, na mwiko ungeendelea kugonga.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu, mpigie dalali mbele ya dada yako umwambie shamba haliuzwi. Gitaa lile ni lako. Watu watashauri lipewe Thobias, watasema ndiye anayeliweza, na ni kweli ndiye anayeliweza, na hapewi. Sina moyo huo na sasa sina muda wa kuutafuta. Ni lako, na usinunue jingine. Kaa nalo hapo barazani jioni ukitoka ofisini, pasipo watu, piga wimbo mmoja mpaka ujue mahali pa kunyamaza, na usimtazame mama yako, sikiliza tu jikoni. Siku mwiko utakaponyamaza kwa ajili yako, hapo kanunue unachotaka. Nadhani siku hiyo hutataka.

Naishiwa. Sogeeni.

Msibani apige Thobias. Msinitazame hivyo, nimesema apige. Wewe Ruthu ndiye utakayekwenda kumwambia, umpigie magoti kama mtoto kwa baba yake, umwambie kaka yake Yotham amemwomba. Ila apige langu. La kwake alifungie nyumbani, na kama ni la kutembea atembee nalo kwenye misiba ya wengine. Kwangu atasimama mahali pamoja, kwenye waya, amekanyaga. Asiongeze uzi, asibadilishe kifuniko. Na wimbo ukiisha, Denis, inuka kwenye mkeka, hiyo siyo kazi, ni kupokea tu, ulipokee mikononi mwake kabla hajasema alishike kidogo tena. Uliweke chini ya kitenge. Ulifute vumbi wewe mwenyewe.

Mama yenu mumtandikie mkeka karibu, lakini siyo karibu sana na mpigaji.

Leteni vichwa. Huyu ni Ruthu... nywele zako ngumu kama za bibi yako. Denis huyu. Mvua iwakute mmekwisha kupanda. Ng'ombe wenu wazae majike. Mlale usingizi pasipo kuhesabu vya jirani, mimi nililala vibaya sana, wanangu, ninyi mlale. Kila mtakachokishika... kiwakubali mkono. Mungu wa baba yangu, yule aliyekuwa akifukuza kuku... awaangalie.

Nimemaliza. Ondoeni hiyo mito... hapana, acheni.

Ngoja. Mbona kimya? Mbona mwiko sisikii? Umenyamaza tangu lini? Ruthu, katazame jikoni, ugali utashika...

Yuko mlangoni?

Keti. Keti chini, mama Denis. Uache ugali ushike.